Kumsindikiza Mwenzi Hadi Kwao

Somo la vikundi vya watu wenye ndoa. Someni kwanza: Kutoka 4:18-20 na Kutoka 18:1-6.

"Baba Neema, mwaka huu tukishavuna nataka kwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi tena, Mama Neema? Nyumbani si hapa?"

Ndugu wasomaji, maneno kama haya husemwa katika nyumba nyingi za mkoa wetu, na aghalabu mazungumzo huishia hapo. Mume hakusema kwa nia mbaya. Yeye aona ameoa, amejenga, amezaa watoto, basi nyumbani ni hapa. Mke amenyamaza na kuendelea kupepeta mtama. Lakini kunyamaza si kukubali, na miaka kumi baadaye wazee wa kanisa wataitwa kusuluhisha ugomvi ambao chanzo chake hakuna anayekikumbuka.

Somo la leo lahusu safari ya mume na mke kwenda mahali alikokulia mmoja wao, hasa pale mahali hapo palipo ng'ambo ya mpaka. Wengine watasema jambo hili ni la watu wachache. Sivyo. Singida ni njia panda. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, hupita Manyoni na Itigi. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita katikati ya mkoa. Jirani zetu wa Tabora walipokea wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Ulyankulu baada ya mauaji ya mwaka 1972, na watoto waliokulia huko wameoa na kuolewa kila upande. Wako pia waliotoka Kenya, Kongo, Zambia na Msumbiji wakifuata kazi, shule au mchumba. Katika ushirika mmoja mdogo huenda mkahesabu nyumba tatu au nne za namna hii, na bado jirani hawajui kwamba mama yule anayeongoza kwaya alijifunza kuimba kwa lugha nyingine.

Tuanze na Musa. Alikulia Misri, akakimbilia Midiani, akaoa huko binti wa Yethro. Baada ya miaka mingi alikwenda kwa baba mkwe wake akaomba ruhusa arudi Misri akawatazame ndugu zake kama wangali hai. Angalieni neno hilo, maana ndilo linalomsumbua kila mtu aliyeishi mbali na kwao. Hakutaja kwanza wito aliousikia kwenye kijiti kilichowaka moto. Alisema anataka kuwaona ndugu zake. Kisha akampandisha mkewe Sipora juu ya punda pamoja na wana wao, wakaenda. Na Sipora? Maneno yake njiani ni machache mno, nayo ni ya uchungu. Tunapomwona tena katika sura ya 18, tunaambiwa kwamba Musa alikuwa amemrudisha kwa baba yake, na Yethro ndiye anayemleta. Biblia haielezi kwa nini alirudishwa, nasi tusibuni. Lakini kila mke na kila mume aliyewahi kusindikiza mwenzake kwa watu asiowajua, katika nchi yenye hatari, aweza kukaa kidogo na sura hizo mbili akayawaza yaliyopita kati yao.

Sasa niwapeni kisa cha siku zetu, ambacho sisi Watanzania tunacho karibu kuliko tunavyofikiri.

Eduardo Mondlane alizaliwa mwaka 1920 katika wilaya ya Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, nchi iliyokuwa chini ya Wareno. Baba yake alikuwa chifu. Mtoto huyo alichunga mifugo hadi umri wa miaka kumi na miwili hivi, kama watoto wetu wa Ikungi na Iramba wachungavyo, ndipo akaingia shule ya misheni ya Waswisi. Akasoma, akaenda Afrika Kusini hadi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akafukuzwa huko mwaka 1949 baada ya serikali ya ubaguzi kushika madaraka. Alipofika kwao polisi wa Kireno walimkamata na kumhoji. Mwaka 1950 alipelekwa kusoma Lisbon, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Marekani, chuo cha Oberlin.

Huko Marekani, katika kambi ya vijana wa Kikristo, alikutana na msichana Mzungu aitwaye Janet Johnson, wa jimbo la Illinois. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mondlane amemzidi karibu miaka kumi na minne. Walioana mwaka 1956. Wasomaji vijana huenda wasijue uzito wa jambo hilo. Wakati ule majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuzuia ndoa ya Mzungu na Mweusi, na sheria hizo hazikufutwa zote mpaka uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi ile mwaka 1967. Afrika Kusini nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1949. Kwa hiyo watu hawa wawili walikuwa mume na mke katika mji mmoja, na wahalifu katika mji mwingine.

Mwaka 1957 Mondlane alipata kazi Umoja wa Mataifa, New York, katika idara iliyosimamia nchi zilizo chini ya udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo, na kwa njia hiyo alifahamiana na Mwalimu Nyerere. Nyumbani kwake kulikuwa na mshahara mzuri, watoto wadogo, na maisha ambayo wengi wangeyaita ya kutosha kabisa.

Ndipo mwaka 1961 wakaenda Msumbiji: mume, mke na watoto. Tangu aondoke mwaka 1950 ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja. Alisafiri kwa pasi ya Umoja wa Mataifa, na Wareno hawakuthubutu kumgusa, ingawa polisi wao wa siri walimfuata macho kila alikokwenda. Watu walikuja wengi kumwona na kumsikiliza. Alifika Gaza kwa watu wake.

Hapa nataka tusimame. Jiulizeni yule mke aliona nini. Kwa miaka kumi alikuwa amesikia habari za kwao mume wake. Alizisikia akiwa Marekani, katika nyumba yenye taa na maji. Sasa anaziona. Katika Msumbiji ya wakati huo Waafrika karibu wote walihesabiwa kwa sheria kuwa "wenyeji" wasio na haki za uraia. Walipaswa kubeba kitambulisho chao kila mahali, waliweza kuchukuliwa kwa kazi ya lazima, na wanaume wa Gaza kwa maelfu walikwenda migodini Afrika Kusini na kuwaacha wake zao na majembe. Waliosamehewa sheria hiyo, yaani wale walioonekana wamekuwa kama Wareno kwa lugha na desturi, hawakufika hata mmoja katika mia. Kaskazini, huko Mueda, tarehe 16 Juni 1960, miezi michache tu kabla ya safari hiyo, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika kudai haki zao.

Pasi ya Umoja wa Mataifa ilimkinga Mondlane. Haikuwakinga ndugu zake waliokaa naye kula. Mke aliyeketi kwenye ukumbi ule hakuhitaji tena kuelezwa kwa nini mume wake alikuwa kimya usiku mwingine kule New York.

Waliporudi Marekani, Mondlane aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, akafundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Syracuse. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vya wanamsumbiji vilivyokuwa ugenini viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa kuwa rais wake. Mwaka 1963 jamaa yote ilihamia Dar es Salaam. Mkewe hakukaa nyumbani kungoja. Aliongoza Taasisi ya Msumbiji, iliyowasomesha vijana wakimbizi. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kifurushi cha kitabu. Alizikwa kwetu, Kinondoni, na mwaka 1979 mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Msumbiji ilikuwa imepata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mjane wake angaliweza kurudi kwao Marekani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikwenda kuishi Msumbiji, akafanya kazi huko, kati ya nyingine katika Msalaba Mwekundu.

Sisemi kwamba ziara ile peke yake ndiyo iliyofanya haya yote; mtu aliyefukuzwa chuo na kuhojiwa na polisi alikuwa na moto wake tayari. Ninachosema ni hiki: uamuzi wa kuacha mshahara na kuhamia kwenye hatari ulifanywa na watu wawili waliokuwa wameona kitu kimoja kwa macho yao wenyewe. Kama mume angekwenda peke yake na kurudi na habari, mke angeliamini au asiamini. Nyumba nyingi huvunjika katika nafasi hiyo ndogo, kati ya aliyeona na aliyesimuliwa.

Zungumzeni kidogo hapa, mume na mke wakiketi pamoja na si wanaume upande huu na wanawake upande ule: Je, liko jambo la utoto wa mwenzako ambalo umelisikia mara nyingi lakini hujaliona?

Kabla hatujaingia katika mambo ya safari yenyewe, nitaje kwa ufupi kisa cha jirani zetu wa kusini, kwa kuwa chatugusa sisi Waanglikana. Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato katika nchi iitwayo leo Botswana, alimwoa Ruth Williams, Mwingereza, London mwaka 1948. Walitaka kufunga ndoa kanisani. Askofu wa London hakukubali, wakafunga ndoa kwenye ofisi ya serikali. Mwaka 1949 Ruth alifika Serowe, mji wa mume wake, mgeni kabisa. Wazee walikuwa wamegawanyika, kisha baraza la watu likamkubali Seretse pamoja na mkewe. Walioendelea kumkataa ni serikali ya Kiingereza, ambayo iliwaweka uhamishoni mpaka mwaka 1956. Seretse akawa rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966. Alipofariki mwaka 1980, Ruth hakurudi Uingereza; aliishi Botswana mpaka kifo chake mwaka 2002. Baraza la wazee wa kijiji lilipokea kile ambacho kanisa lilikataa kubariki. Tunapopanga masomo ya ndoa katika mitaa yetu yafaa tukumbuke hilo.

Basi, turudi Singida, kwa Baba Neema na Mama Neema. Fedha si nyingi, na mpaka ni mbali. Wafanyeje?

Kwanza waongee, na yule mwenye kwao azungumze zaidi. Aeleze anataka kumwona nani, na anaogopa kuona nini. Watu wengi huahirisha safari kwa kisingizio cha nauli, kumbe wanaogopa kukuta makaburi. Waliotoka Burundi mwaka 1972 wana hofu nyingine ya haki: wengi waliorudi huko kuanzia mwaka 2008 walikuta watu wengine wakilima mashamba ya wazazi wao, na kesi zikawa nyingi. Mwenzi asimlazimishe mtu wa namna hiyo kwenda kwa kumwambia kuwa ataponyeka moyo. Labda ataponyeka, labda atalala siku tatu bila kula. Aulizwe, angojewe, na akisema bado, iwe bado.

Mambo ya hati si ya kupuuza, maana hapa ndipo wenye nia njema hupata taabu. Wakimbizi wa mwaka 1972 wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Hao ni Watanzania kamili. Lakini kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, iliwabidi kuukana uraia wa kwanza. Maana yake ni kwamba mama huyu atafika Manyovu au Kabanga na hati ya Tanzania mkononi, na atagongewa muhuri wa mgeni kuingia katika nchi aliyozaliwa. Mume aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ajue kinachotokea pale dirishani. Asimharakishe.

Yule ambaye bado ana hadhi ya mkimbizi asivuke kabla ya kuuliza. Kurudi katika nchi aliyoikimbia, hata kwa mazishi, kwaweza kuhesabiwa kuwa ameacha ulinzi aliopewa. Aende kwanza ofisi inayoshughulikia wakimbizi. Wengine wote waulize ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mapema, siyo wiki ya safari. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hilo limerahisisha njia. Kwenda Msumbiji sasa kuna Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010. Chukueni cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayesafiri na watoto bila karatasi yoyote huonekana mwizi wa watoto, na askari wa mpakani hana kosa kwa kuuliza.

Lugha ni jambo la pili, au la kwanza kwa maoni yangu. Anayesindikiza ajifunze walau salamu, shukrani, na jinsi ya kuwaita wakwe. Hata maneno kumi yanatosha kuanzia, na watamcheka, nayo ni heri, kwa sababu watu wakicheka pamoja wamekwisha kuwa jamaa. Mwenye kwao naye asiwe kama mtu aliyekunywa maji ya kwao akamsahau mgeni wake. Jioni ndugu wakipandisha hadithi kwa lugha ya nyumbani, amtafsirie mwenzake, ijapokuwa kwa kifupi. Hakuna upweke kama wa mtu aliyeketi katikati ya vicheko asivyovielewa, akitabasamu kwa adabu tangu magharibi hadi saa nne usiku.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mume wa Kinyaturu aliyefika ukweni Burundi asikae kivulini akingoja kuletewa maji ya kunawa kwa muda wa wiki mbili. Aombe kazi: kurekebisha bati, kubeba majani ya ng'ombe, kulipia unga. Na zawadi zisiwe za kuonyesha utajiri. Mafuta yetu ya alizeti, asali ya Itigi au Manyoni iliyofungwa vizuri, kanga kwa mama mkwe. Hizo zatosha, nazo zasema zilikotoka. Lakini fedha ya kurudia iwekwe kando kabla ya kuondoka, na wote wawili wajue ilipo, kwa sababu ndugu watakuwa na mahitaji ya kweli, na ni vigumu kusema hapana mbele ya kaburi la mama yako.

Liko jambo ambalo wanaume huniuliza pembeni, wala si mbele ya watu: "Akifika kwao akikataa kurudi, je?" Ninawajibu kwa kuwauliza: "Kwani hapa unamkalisha kwa kamba?" Mke ambaye hajaruhusiwa kwenda kwao kwa miaka ishirini amekwisha kuondoka kwa namna yake. Ni kweli wapo waliokwenda wasirudi. Wengi wao, kwa nilivyoona, walikwenda peke yao, baada ya kukataliwa mara nyingi, wakiwa na hasira ndani ya mfuko.

Kama nauli haitoshi wawili, wasiache kabisa. Aende mmoja na mtoto mkubwa, na mwaka mwingine aende yule wa pili. Au ndugu waje huku. Gari moshi linalopeleka watu Kigoma ndilo linalowaleta Itigi na Manyoni. Mama mkwe akiisha kulala usiku mmoja katika nyumba ya Singida, akaona jiko la binti yake na kisima anakochota, atakuwa na cha kuwaza kwa miaka iliyobaki, badala ya kubuni.

Kwa mkutano ujao kila mtu aje tayari kutaja mbele ya kikundi jina la kijiji alikozaliwa mwenzi wake, majina ya babu na bibi zake wa pande zote mbili, na mchezo mmoja aliokuwa akiupenda mwenzi huyo utotoni. Mwenye kwao asimnong'oneze.